Barua kwa Mwene Kihanga

Zama zile kila mji wa pwani ulipokuwa na ukuta wake, sultani wake na siwa yake ya kupulizwa siku ya kutawazwa, mji wa Kirungwi ulizingirwa na watu wa Fungoni kwa siku sabini na tatu. Ugomvi wenyewe ulitokana na ndoa iliyovunjwa, lakini ulipoingia mwezi wa pili hakuna aliyemtaja tena bibi harusi. Watu walitaja maji. Wafungoni walikuwa wameviteka visima vyote vya nje, na ndani ya ukuta vilibaki viwili tu, kimoja cha msikitini na kimoja cha uani kwa Sultani, navyo vilikuwa vimeanza kutoa maji ya magadi.

Katika mji huo alikuwako katibu wa Sultani aliyeitwa Shekuwe bin Kombo, mtu wa miaka thelathini na minne, mrefu, mpole wa maneno, mwenye vidole vilivyoingia weusi wa wino hata sabuni haikuutoa. Hakuwa wa nyumba kubwa. Baba yake alikuwa mchemsha chumvi, mtu wa kushinda juani akikoroga vyungu vya maji ya bahari, naye alikufa mwanawe angali hajabaleghe. Mama yake, Bi Mwanakheri, alimfulia mwalimu nguo miaka saba ili Shekuwe asome.

Chuoni alikaa mkeka mmoja na Mwinyi Dadi, mtoto wa waziri. Walikula sahani moja, wakapigwa kwa bakora moja, na walipokuwa vijana watu waliwaita pacha. Kisha Sultani akaanza kuingiwa na ukungu machoni. Siku alipotaka kuchagua katibu aliwaita wote wawili barazani akasema, "Mimi siioni tena karatasi. Nataka mtu atakayenisomea hata lile nisilopenda kulisikia." Akamwelekea Shekuwe.

Mwinyi Dadi alirithi uwaziri wa baba yake mwaka huohuo, na uwaziri ni mkubwa kuliko ukatibu. Alivaa joho la hariri, alifunga jambia la mpini wa kipusa, na alipopita watu walisimama. Lakini kila neno lililoingia kwa Sultani na kila neno lililotoka lilipita kwanza kinywani mwa mtoto wa mchemsha chumvi, na jambo hilo lilimkaa Dadi kama mwiba wa samaki kooni. Uvumi ukaanza kutembea mjini. Mara ikasemwa wino wa Shekuwe umechanganywa na dawa za kumpumbaza Sultani. Mara ikasemwa hayo macho ya Sultani ni yeye aliyeyaziba. Siku moja alipokuwa akitoka msikitini jiwe lilirushwa kutoka darini likampasua sikio.

Bi Mwanakheri alimwosha damu. Alipokwisha kumfunga kitambaa ndipo aliponena.

"Mwanangu, adui wa shoka hukimbiwa. Adui wa kijicho utamkimbilia wapi, naye yumo nyumbani?"

"Basi nifanye nini, mama?"

"Fanya kazi yako kwa haki. Mengine mwachie Mwenyezi Mungu. Alindwaye na Mungu, watu wote wakikutana hawamng'oi."

Shekuwe aliyaamini maneno hayo, kwa maana hakuwahi kumwona mama yake akiegemea kitu kingine.

Siku ya arobaini na moja ya mazingiwa, Sultani aliita shauri. Palikuwa na tumaini moja tu. Safari ya siku kumi na mbili kuelekea bara, katika milima ya Ulangwa, alitawala Mwene Kihanga, ambaye baba yake alichanjana udugu na baba wa Sultani. Akiombwa kwa heshima, pengine angeshuka na mikuki yake.

"Nani ataipeleka barua?" Sultani aliuliza.

"Shekuwe," akasema Mwinyi Dadi, haraka kuliko ilivyompasa waziri. "Anajua kusema na wakubwa. Ila, maulana, haifai mjumbe ajiandikie sifa zake mwenyewe. Safari hii niandike mimi."

Wazee wakaliona neno hilo kuwa la adabu. Sultani akatamka, Dadi akaandika, na alipokwisha kuisoma yeye mwenyewe kwa sauti kila mtu aliisikia kuwa nzuri. Sultani akapapasa karatasi kwa vidole, akagandamiza pete yake juu ya lakiri ya moto. Hakuna mwingine barazani aliyeitupia jicho karatasi ile akaona kwamba ilikuwa na mistari miwili zaidi ya iliyosomwa.

Shekuwe alitoka alfajiri kwa njia ya mikokoni, maji yakiwa yamekupwa, matope yakimfika magotini. Barua alikuwa ameitia katika mwanzi na kuufunga kifuani kwa kitambaa. Bi Mwanakheri alimsindikiza hata penye ufa wa ukuta. Alikuwa amekonda, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu, kwa maana mgao wa nyumba ulikuwa kata moja ya maji kwa siku. Alimwekea mkono kichwani akamsomea dua, kisha akamsukuma mgongoni kama amsukumavyo mtoto anayechelewa chuoni.

"Nenda. Usigeuke nyuma, utaniona nalia, nami sitaki."

Hakugeuka.

Kiongozi wake alikuwa mwindaji aitwaye Chande, mtu wa makamo, mfupi, mwenye upinde mgongoni na podo la mishale ya sumu. Walipita katikati ya doria za Wafungoni wakitambaa kwenye majani marefu, na siku ya pili wakawa wameiacha harufu ya bahari. Siku ya tatu, walipokuwa wamekaa kivulini wakitafuna mhogo mkavu, Chande aliutupa wake chini.

"Bwana Shekuwe, mhogo haunipiti. Nina jambo."

"Sema."

"Mwinyi Dadi aliniita kabla hatujatoka. Alinambia nikufikishe mpaka mto wa pili, kisha nirudi nikuache peke yako. Akasema hata ukifika, hutorudi. Hilo la mwisho alilisema akicheka." Alijifuta uso. "Mke wangu alipoumwa uchungu wa uzazi, mama yako alikaa naye siku tatu. Nitamtazamaje usoni nikikuacha hapa?"

Ndege walikuwa wakipiga kelele juu yao.

"Kumbe hila imo humu," Shekuwe alisema, akiugusa mwanzi.

"Basi ifungue! Wewe si msomi? Soma, ukikuta shari uichane, twende kokote. Nchi ni pana."

Shekuwe aliitoa barua, akaitazama ile lakiri nyekundu yenye chapa ya Sultani. Kidole chake gumba kilikuwa juu yake. Aliona jinsi ilivyo nyepesi: kubonyeza mara moja tu.

"Chande, nikiuvunja muhuri huu Mwene Kihanga hatoipokea barua. Nani atamwamini mjumbe wa barua iliyofunguliwa? Nami nitakuwa nimeokoa shingo moja, na watu elfu mbili wafe kiu."

"Na wewe?"

"Mimi ni amana ya Mungu kama barua ilivyo amana yangu. Kama hataki nife, Dadi hataniua."

"Na kama anataka?"

Shekuwe aliirudisha barua katika mwanzi, akasimama, Chande akamfungia fundo.

Walifika Ulangwa siku ya kumi na tatu. Mji wa Mwene Kihanga ulikuwa juu ya kilima, umezungushiwa boma la magogo, na langoni walisimama watu wenye mikuki mipana na bangili za shaba mpaka viwikoni. Mwene mwenyewe alikuwa mtu mnene, mzee, aliyevaa ngozi ya chui begani na kaniki mpya kiunoni, amekaa juu ya kigoda cha mpingo. Lugha ya pwani aliijua kwa sababu ya misafara ya pembe. Aliipokea barua kwa mikono miwili, akaukagua muhuri, akaitikia kwa kichwa.

"Muhuri ni mzima. Mjumbe mwema." Kisha akacheka bila furaha. "Lakini nilikuwa na mtu wa pwani aliyenisomea, naye alikufa kwa homa mavuno mawili yaliyopita. Barua za watu zimejaa kikapuni, ni kama majani makavu. Katika Ulangwa yote hakuna ajuaye mambo haya." Akairudisha barua kwa Shekuwe. "Nisomee wewe. Lakini kwanza apa. Unisomee yote, usiongeze wala usipunguze."

Shekuwe akaapa kwa jina la Mungu. Kisha, mbele ya Mwene na wazee wake na watu wa mikuki, akavunja ile lakiri.

Alisoma salamu. Akasoma habari za udugu wa baba zao, habari za mazingiwa, ombi la watu mia nne, na ahadi ya nguo, shanga na chumvi kwa misimu mitano. Yote yalikuwa kama yalivyotamkwa barazani. Akafika chini ya karatasi. Hapo mwandiko ulikuwa mdogo zaidi, umebanwa, na aliutambua vizuri sana, kwa maana alikuwa ameketi kando yake tangu utoto.

Akaacha kusoma.

"Imekwisha?" akauliza Mwene.

Hapana mtu katika mkutano ule ambaye angejua. Shekuwe angeweza kusema, "Naam, imekwisha," akanywa maji ya wageni na kulala salama. Chande, aliyekuwa amechuchumaa nyuma, aliona jasho likimtoka kisogoni na kuteremka mgongoni.

"Haijakwisha," akasema Shekuwe. Akasoma: "'Na huyu aliyekuletea barua ni mtu aliyetuuza kwa Wafungoni. Tumemtoa mjini kwa hila. Ukisha kuipokea, ndugu yetu, muue, wala usisikilize utetezi wake.'" Akaikunja karatasi. "Sasa imekwisha."

Wazee walinyanyuka wote kwa pamoja. Mtu mmoja wa mikuki alimkamata Shekuwe mkono. Lakini Mwene Kihanga hakusogea juu ya kigoda chake.

"Ni kweli hayo?"

"Si kweli, Mwene. Aliyeyaandika ni mtu tuliyelelewa pamoja. Lakini yameandikwa, nawe uliniapisha."

"Una shahidi?"

"Sina ila Mungu."

Mwene alimtazama muda mrefu. "Mwongo huuma ulimi wake," alisema hatimaye, "lakini sijamwona anayeitoa shingo yake." Mzee mmoja akamwinamia akamnong'oneza, naye akaitikia kwa kichwa. "Mzee huyu anasema pengine ni mtego. Pengine utawapeleka watu wangu mahali pa kufia, na barua hii ni ya kutufanya tukuamini. Na yeye pia nimemsikia. Basi nitakupa watu mia nne, wakishakusanyika kwa siku saba. Utatangulia mbele. Nyuma yako, hatua tatu, atakwenda Lugome na mkuki wake. Mkiviziwa njiani, yeye hatangoja amri yangu."

Lugome alikuwa jitu lenye kovu la shavuni, lisilopenda maneno. Siku kumi na mbili alikwenda hatua tatu nyuma ya Shekuwe, mkuki ukiwa mkononi. Shekuwe alisali mbele yake, alikula mbele yake, alilala na ncha ya mkuki ikiwa karibu na mbavu zake. Siku ya tano Lugome alimwuliza kwa Kiswahili cha kuchechemea, "Wewe huogopi?"

"Naogopa."

"Mbona hugeuki kunitazama?"

"Nikigeuka nitakuona wewe. Nikitazama mbele namwona mama yangu mlangoni."

Kuanzia siku hiyo Lugome alikuwa akimpa nusu ya nyama yake.

Walifika juu ya kilima kinachotazama Kirungwi siku ya sabini na tatu ya mazingiwa, wakati wa adhuhuri. Wafungoni walikuwa kwenye vyungu vyao vya chakula. Mawingu yalikuwa yamejikusanya tangu asubuhi, na Walangwa walipopuliza pembe zao na kuteremka kilimani, mvua ya kwanza ya masika ikashuka pamoja nao. Bunduki za Wafungoni zilikuwa za utambi. Tambi zikalowa, baruti ikawa uji. Wakashika panga, lakini mikuki mipana ilikwisha kuwa kati yao. Shekuwe, ambaye hakuwahi kumpiga mtu, alichukua ngao ya maiti akakimbia na wengine, na jemadari mmoja wa Fungoni alipomnyanyulia upanga, mkuki wa Lugome ulipita juu ya bega lake ukamkuta yule mtu kifuani. Mkuki uleule uliomfuata siku kumi na mbili.

Kabla ya alasiri wazingaji waliobakia walikuwa wakikimbilia fukwe za kusini. Milango ya Kirungwi ikafunguliwa. Watu walitoka wamefungua vinywa juu, wakinywa mvua.

Shekuwe alipita katikati yao akitabasamu, akitafuta macho ya kumtabasamia. Hakuyapata. Watu waliomjua walimwona wakainamisha macho. Mwanamke mmoja alifunika uso kwa buibui. Mzee aliyemfundisha Kurani aligeuka ukutani. Alidhani hawamtambui kwa matope na damu. Akaenda mbio nyumbani kwao.

Mlango ulikuwa umepigiliwa misumari kutoka nje.

Jirani yao, Bi Saumu, ndiye aliyemwambia. Alimkalisha kibarazani mwake, mvua ikimwagika mbele yao, akayasema yote bila kumtazama. Siku ya ishirini tangu Shekuwe aondoke, watu walipoanza kukata tamaa, Mwinyi Dadi alisimama msikitini akatangaza kwamba katibu hakwenda Ulangwa hata kidogo, alikwenda kwa Wafungoni. Bi Mwanakheri alisikia, akaenda mpaka uwanja wa msikiti, mwanamke peke yake mbele ya wanaume, akasema: "Mwanangu hakumwuza hata paka." Kesho yake Dadi akatoa amri: nyumba ya msaliti isipewe maji. Askari wakaupigilia mlango.

"Nikawa nalowesha kanga," Bi Saumu alisema, "nairusha juu ya ukuta wa uani. Yeye anaikamua, anakunywa, anairusha tena. Siku nne. Kisha wakaniona, wakaweka askari." Akaikaza kanga yake. "Baada ya hapo nilimsikia tu sauti. Alikuwa akisoma dua. Leo ni siku ya tatu tangu afe."

"Amezikwa wapi?"

"Kule mashimo ya chumvi, walimtoa juu ya ukuta wa uani. Walimkataza makaburini. Tulimsalia mimi na mzee mmoja kipofu."

Shekuwe alisimama, akakaa tena. Maji ya mvua yalikuwa yakipita miguuni pake kama mto, yakiingia baharini bure.

"Dadi yuko wapi?" aliuliza.

Hapo Bi Saumu alimtazama kwa mara ya kwanza. "Dadi amekufa, mwanangu. Siku mbili zilizopita. Wafungoni walibomoa lango la kusini, naye akasimama kwenye tundu na watu kumi na mmoja toka asubuhi mpaka jua kuchwa. Alichomwa mara tisa, hakurudi nyuma. Bila yeye mngekuta majivu. Wamemzika pamoja na masultani."

Na maneno hayo yalikuwa ya kweli. Mwinyi Dadi alikufa ameshika upanga, na hakuna awezaye kumpokonya hilo.

Jioni ile Shekuwe aliingia kwa Sultani. Walikuwa wawili tu. Macho ya mzee sasa yalikuwa meupe kabisa, kama ya samaki aliyepikwa.

"Maulana, nilichaguliwa nikusomee hata lile usilopenda kulisikia."

Akaisoma barua, kuanzia salamu hata ile mistari miwili. Hakuongeza wala hakupunguza. Alipomaliza, Sultani alikuwa akilia kimyakimya, machozi yakishuka katika ndevu.

"Mkono wangu ndio uliotia muhuri," alisema. Kisha: "Shekuwe, ukoo wa Dadi una nusu ya mikuki ya mji huu. Wamekaa matanga. Wajane wale kumi na mmoja wanajifariji kwamba waume zao walikufa na mtu mwema. Nikiitoa barua hii barazani, kesho tutakuwa tunachinjana wenyewe kwa wenyewe, na Wafungoni hawajafika mbali. Siwezi kukuamuru. Nakuomba."

Shekuwe aliketi ameishika ile karatasi. Aliyataka majina yote mawili yasimame juani: lake na la Dadi, kila moja na kazi yake. Hakuna haki aliyowahi kuitamani kama ile. Lakini alikuwa amekwisha kuikataa shingo yake mara moja kwa ajili ya watu hawa, na aliona kwamba anaombwa kuikataa mara ya pili, na kwamba safari hii ni vigumu zaidi.

"Nina haja moja," alisema. "Mama yangu afukuliwe, asaliwe na mji mzima, azikwe makaburini kwa watu. Na askari walioipigilia nyumba yake misumari waing'oe wenyewe."

"Iwe hivyo."

Shekuwe akakiinamia chetezo cha ubani kilichokuwa pale, akaitia barua katika makaa. Lakiri iliyeyuka ikatoa moshi mweusi.

Asubuhi yake mpiga mbiu alitangaza kwamba Shekuwe bin Kombo ni mtu mwaminifu na ndiye aliyewaleta Walangwa. Maneno yaliyosemwa yalikuwa makosa. Hakuna aliyeuliza ni makosa ya nani. Watu walifurika mashimo ya chumvi, wale wale waliogeuza nyuso, na kila mmoja alitaka kushika jeneza. Huko makaburini Lugome aliteremka shimoni na jembe, mtu wa bara asiyejua dini yao, akachimba mpaka alipoambiwa inatosha. Shekuwe alisalisha mwenyewe. Sauti yake haikukatika mpaka takbira ya mwisho.

Watu walipotawanyika alibaki amekaa kando ya udongo mbichi. Chande alikuja akachuchumaa karibu naye.

"Ulisema Mungu akitaka usife, Dadi hatakuua," Chande alinena taratibu.

"Nilisema."

"Hujafa."

"Sikufa," Shekuwe alisema. "Nilimwomba anilinde mimi, Chande. Sikujua kwamba niliyekuwa nikimwacha nyuma ndiye aliyekuwa akihitaji kuombewa." Akauzika uso wake mikononi, na yule mtu aliyesoma kifo chake mbele ya Walangwa bila kulia, alilia hapo mpaka pumzi ikamwisha.

Bi Saumu alikuwa ameketi mbali kidogo, akingoja. Alipoona ametulia alimsogelea.

"Kuna neno aliloniachia kupitia ukutani. Sikukwambia jana, usingeweza kulibeba. Alisema: 'Mwanangu yu hai, moyo wangu wanambia. Akija asinikute, mwambieni asimuulize Mungu sana. Na mwambieni amwombee dua yule aliyeamuru tufungiwe mlango, maana ana kiu kuliko sisi.'"

Shekuwe alitikisa kichwa. "Hilo siliwezi, Bi Saumu."

"Alijua hutaliweza. Akasema, 'Mwambieni hata kama atachelewa.'"

Sultani alimwekea kalamu yake na mahali pake. Shekuwe alikaa siku saba, akajaribu. Lakini kila alipopita kisima cha msikiti koo lilimkauka, na maji ya mji ule hayakumshuka tena. Siku ya nane Walangwa walipofunga mizigo yao ya nguo na chumvi, alifunga na yeye wake. Safari hii Lugome alikwenda mbele, akimfungulia njia.

Huko Ulangwa alimsomea Mwene Kihanga barua zote za kikapuni, nyingine za watu waliokwisha kufa. Alifundisha watu watano kuandika. Alioa, akazaa mabinti, na nyumbani kwake hapakuwa na mtu aliyeingia akaondoka bila kupewa maji. Chande alimletea habari za pwani mpaka naye akazeeka. Ndiye aliyemwambia kwamba katibu mpya ameandika habari za mji, na kwamba ndani yake mna ukurasa mzima wa Mwinyi Dadi na lango la kusini, na kwamba juu ya wokovu mmeandikwa, "Kisha wakaja Walangwa." Aliyewaleta hakutajwa. Bi Mwanakheri hakutajwa. Shekuwe alisikiliza, akamshukuru kwa kumfikishia, akamuuliza habari za mkewe.

Alikuwa akisali siku zote, lakini wale waliosali nyuma yake waligundua kwamba dua zake zilikuwa fupi na zilikoma ghafla, kama mtu anayefika mlangoni na kurudi. Ilikuwa hivyo miaka kumi na saba. Ndipo Ijumaa moja, wakati wa kiangazi, mbele ya wafanyabiashara watatu wa msafara waliokuwa wamepumzika kwake, aliinua mikono, akawaombea wazazi wake, akawaombea wenyeji, akasita. Midomo yake ilitikisika muda mrefu pasipo sauti. Kisha akalitaja kwa sauti iliyosikika na wote jina la Mwinyi Dadi, akamwombea msamaha na maji ya peponi. Akalirudia mara ya pili, ili yeye mwenyewe asije akadhani kwamba limemponyoka.